Aliyezikwa Bila Mtani

Kata iligonga mdomo wa mtungi, mara moja, taratibu, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa. Alfajiri ilikuwa bado. Nilikuwa macho, maana sisi wazee hatulali, tunajilaza tu. Nikasikia maji yakimiminika, nikasikia koo likimeza, kisha nikasikia jambo lililonitoa hofu: kifuniko kikirudishwa mahali pake. Mwizi hafuniki mtungi. Mtu anayekunywa maji ya watu gizani, akakumbuka kuyafunika yasiingie mdudu, huyo amelelewa. Hata kama amekuja na balaa, balaa lake lina adabu.

Nikauliza, "Nani huyo mwenye kiu?"

"Ni mimi, bibi. Siwatu. Binti wa Mkuu."

Nilipowasha kibatari nikamwona. Mwanamke mwenye mvi, miguu imejaa vumbi la njia ndefu, amekalia kigoda changu kwa upande mmoja tu, kama anayeogopa kukimaliza. Mara ya mwisho nilimwona siku baba yake alipozikwa, naye alikuwa msichana wa miaka kumi na minane. Ilikuwa lini? Mwezi huu huu. Katika nchi yetu kalenda hutundikwa na Mkuu, na ni yeye tu anayechana ukurasa. Tangu afe, hakuna aliyethubutu. Kwa hiyo ni tarehe ileile aliyotuachia, na ndani ya tarehe hiyo moja watoto wameota ndevu, ndevu zimeota mvi, na mvua imenyesha mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Siwatu alinieleza shida yake bila kulia. Baba yake hajazikika. Kila kukicha anatoka ndani ya ule mnara wa marumaru aliowekwa, anavuka ua, anaingia nyumbani, anakaa kwenye kichwa cha meza na kuulizia uji na habari za nchi. Hatishi. Hanuki. Hampigi mtu. Ni kwamba hajui tu. Na binti, akiitwa na baba yake, anaitika. Akiombwa uji, anakoroga. Wachumba wawili walikuja kwa nyakati tofauti. Kila mmoja alimkuta marehemu mezani akimhoji amekuja kufanya nini hapa, na kila mmoja akakumbuka ana safari.

"Nimechoka, bibi," akasema. "Nataka niamke siku moja nisikoroge uji. Siku moja tu, nione mikono yangu inataka kufanya nini."

Nikamuuliza swali moja: siku ile ya mazishi, nani alimtania baba yako? Akainamisha uso. Alijua nami nilijua.

Wewe unayesoma haya ukiwa mbali, huenda kwenu hamna jambo hili, basi nikueleze. Sisi watu wa bondeni na wale wa mlimani ni watani tangu dunia ikiwa mbichi. Inasemekana babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakakubaliana kwamba kuanzia hapo watatukanana badala ya kuchomana mikuki. Wakaongeza sharti moja, nami nadhani walioliweka ni wanawake: mtu asizikwe na wa kwao. Akifa wa bondeni, atazikwa na wa mlimani. Akifa wa mlimani, jembe tunalishika sisi. Mtani ndiye anayeosha maiti, ndiye anayechimba, ndiye anayevaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake mbele ya wafiwa, ndiye anayelala kaburini kwanza kulipima. Mfiwa macho yake yamejaa maji, hawezi kuona vizuri. Anahitajika mwenye macho makavu, ili marehemu apewe taarifa.

Maana maiti hasikii kilio. Kilio amekizoea, amezaliwa nacho. Kinachomshtua ni kicheko. Anaposikia mtu anamwiga anavyotembea, anavyokohoa, anavyowaita watoto wake, halafu akataka kumchapa mwigaji kofi na mkono usiende, hapo ndipo anajua. Anasema, aha, kumbe. Kisha analala.

Siku ya kumzika Mkuu tulifika na majembe yetu. Langoni tulimkuta mtu wa kamati ya mazishi, mwenye miwani. Alikuwa mtu mwema, na wema wake siusahau: alituletea viti, akavifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe. Akatuonyesha ratiba iliyochapwa. Hotuba arobaini na moja, mashada, mizinga, dakika mbili za ukimya, maji ya kunywa kwa wageni. Utani haukuwamo. Alisema wageni kutoka nje hawataelewa, wataona tunamvunjia marehemu heshima. Tukarudi bondeni. Mkuu akazikwa na watu wanaomsifu, na mtu anayesifiwa mara arobaini na moja kwa siku moja atajuaje kwamba amekufa? Alidhani ni sikukuu kama zile nyingine.

Nikajifunga kanga, nikachukua jembe. Siwatu akaniomba alibebe yeye. Nikamwachia, si kwamba silimudu, ila niliona anataka kushika kitu kisicho mwiko wa uji.

*

Njia ya kwenda kwa Mkuu inapita katikati ya waliolala. Jua lilikuwa linachomoza tulipoingia humo, na huwezi kutembea humo bila umri wako kupotea. Nilianza safari nikiwa bibi. Kwenye makaburi ya kwanza nikawa msichana aliyetumwa maji. Kwenye ya pili nikawa mama. Sikushangaa, nilishika tu mkono wa Siwatu ili mmoja wetu abaki yule yule.

Ya kwanza yalikuwa makaburi ya nguzo. Mawe ya matumbawe yamesimama marefu, na juu yake waliojenga walipachika bakuli za kauri za rangi ya bahari, zilizotoka nchi za mbali. Bakuli nyingi zimeng'olewa. Zimebaki alama za duara, kama nyuso zilizotolewa macho. Lakini moja ilikuwa imevunjika vipande vitatu, na mtu, sijui nani, sijui karne gani, alikuwa ameigandisha kwa utomvu na kuirudisha mahali pake. Aliyefanya hivyo hakuwa ndugu wa marehemu, ndugu walikwisha zamani. Alipita tu, akaona kitu kimevunjika.

Mbele yake kulikuwa na ule mlima wa mawe ya kuchonga wenye pande nne, ambao ndani yake amelala mfalme pamoja na mikate yake, mashua yake na watumishi wake. Nilisimama hapo kitambo. Nimesikia watu wakiusifu mlima ule, na kweli ni kazi kubwa, sitaki kuidharau kazi ya mikono ya mtu. Lakini mimi huwa nawafikiria wale watumishi. Je, waliaga nyumbani asubuhi ile? Kuna mmoja aliyeacha maharage motoni? Mfalme aliogopa kwenda peke yake, na woga ule ni wa binadamu wote, hata mtoto huogopa kwenda msalani peke yake. Ila mtoto huomba asindikizwe. Mfalme aliamuru. Nadhani hapo ndipo makaburi ya dunia yanapogawanyika, si kati ya ya kale na ya sasa, wala ya tajiri na ya maskini: kuna kaburi linaloomba na kuna kaburi linaloamuru.

Tukapita penye njia panda. Hapo pana rundo la kokoto lisilo na jina, na desturi ni kwamba kila mpita njia anaongeza kokoto moja. Hakuna ajuaye aliyelala chini yake. Huenda ni msafiri, huenda ni mwizi. Rundo limekuwa refu kuliko nyumba, na hakuna aliyelijenga. Tukaongeza zetu. Tukapita kwenye vigingi vya mbao vilivyochongwa mabega na vifua vya wazee, mchwa wamekula miguu, wameacha nyuso. Halafu yale ya siku hizi: vigae vinavyong'aa kama vya bafuni, picha ndani ya kioo, kijumba cha bati juu, wavu pembeni na kufuli mlangoni. Nikamuuliza Siwatu kufuli lile linamzuia nani, aliye ndani au walio nje. Akacheka kidogo. Kicheko chake kilikuwa na kutu.

Pembeni mwa vigae palikuwa na kaburi dogo la mtoto, tuta la udongo tu. Mtu alikuwa ameinamisha kipande cha bati juu yake, ili jua la mchana lisilipige. Mtoto yule hakuwa na haja ya kivuli. Aliyeliinamisha bati ndiye aliyekuwa na haja ya kukitoa.

Swali langu la maisha ni hili, na sijalisoma kitabuni: mtu akifa anakuwa wa nani? Mwenyewe hajimiliki tena. Wakubwa wanadhani wanaweza kujimiliki hata baada ya kufa, ndiyo maana wanajenga mapema, wakiwa hai, na kusimamia mafundi. Mimi nimezika watu wengi wa mlimani, nami nina hakika. Mtu akifa anakuwa wa yule aliyebaki na shughuli naye. Anayefagia. Anayegandisha bakuli. Jiwe haliwezi shughuli hiyo. Jiwe linajua kusimama tu.

*

Mkuu tulimkuta mezani, koti lake lenye nishani limetundikwa kitini. Uji wa jana ulikuwa umekauka kidevuni mwake. Aliniangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyeingia kwa mlango wa mbele badala ya wa nyuma.

Akauliza mimi ni nani. Nikamwambia ni Mwanakombo wa bondeni, mtani wake, nimechelewa kidogo.

"Bondeni," akasema. "Nasikia bado mnalala na vyura."

"Tunalala nao, mtani, na wana akili kuliko nyinyi. Chura akifa anabaki chini."

Siwatu akaziba mdomo. Mkuu hakukasirika, na hilo likanipa moyo. Damu ya utani ilikuwa bado inamwenda mahali fulani. Aliniambia nina miguu kama mchi uliopasuka. Nikamwambia kweli, imepasuka kwa kubeba jamaa zake kwenda kuwazika, maana watu wa mlimani hata wakifa hawapunguzi kula. Akaniuliza nimekuja na ombi gani, barabara au kisima. Nikamwambia sina ombi. Nikalichukua koti, nikalivaa.

Lilikuwa zito. Nikatembea kama yeye: tumbo mbele, mkono mmoja mgongoni, kidevu juu kama mtu anayenusa mvua. Nikakata utepe usiokuwepo mlangoni pa jiko, nikatangaza kwamba jiko hili limefunguliwa rasmi, na kwamba wananchi wake, yaani mende, walitunze. Nikakohoa kikohozi chake kile cha kungoja makofi. Siwatu akapiga makofi, alikuwa amezoea. Nikafungua rasmi kabati. Nikafungua rasmi dirisha. Na hapo koti likanishika, nikaacha kuigiza.

Mimi ni Mkuu. Nimesimama jukwaani. Jua ni kali na mwavuli umeshikiliwa na mtu nisiyemjua jina.

Nikinyanyua mkono, elfu kumi wananyamaza. Nikiushusha, wanacheka. Sijasema chochote cha kuchekesha.

Nina njaa. Hakuna anayekula mbele yangu, kwa hiyo nami sili.

Najenga mnara. Naujenga ili wanione nikiwa sipo. Nikiwepo wananitazama miguu, hawathubutu uso.

Elfu kumi, na hakuna aliyewahi kuniambia nina uji kidevuni.

Neno hilo la mwisho nililisema kwa sauti, kwa sauti yake. Mkuu akainua vidole, akajigusa kidevu. Akaukuta ule uji. Akautazama kwenye ncha ya kidole chake muda mrefu, kisha akacheka, kicheko kibaya cha mtu asiye na mazoezi, kinaingia ndani badala ya kutoka. Nami nikamwambia kwamba tangu na tangu anaongoza nchi akiwa na kifungua kinywa usoni. Hapo akakumbuka ukubwa wake. Akanyanyuka anichape kofi.

Mkono ulipita begani mwangu kama moshi wa ubani.

Akajaribu tena, polepole, kama anayejaribu joto la maji. Ukapita tena. Akakaa.

"Nimekufa," akasema.

"Umekufa, mtani wangu. Pole sana."

Siwatu aliyekuwa hajalia njia nzima akaanza kulia. Baba yake akamtazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu kalenda isimame, akaona zile mvi. Akamuuliza ni nani aliyemfanya awe hivyo. Binti akajifuta macho. Nami sikujibu, ingawa mtani ana ruhusa ya kujibu lolote. Kuna majibu ambayo mtu akiachiwa atayafikia mwenyewe, na ukimwahi unamdhulumu.

Alichoogopa si kufa. Alichoogopa ni udongo. Aliniambia akilala chini hakuna atakayejua alipo, na kwamba mnara unaonekana kutoka nchi tatu. Nikamwambia mnara ni mrefu, sikatai, na mafundi walijitahidi, lakini mtu hawezi kulala ndani ya kitu kinachosimama. Akautazama mnara dirishani. Kisha, kwa sauti ya mtoto anayejua atakatazwa, akauliza kama angeweza kulazwa karibu na mama yake.

Akainama. "Lakini sijui alipo. Palikuwa na makaburi hapa zamani, ya watu wa kawaida. Nilipasawazisha nijenge mnara."

"Ulipasawazisha, ndiyo."

"Mama alikuwa humo?"

"Alikuwa humo. Hukuuliza."

Kosa lile lingeweza kufanywa na mtu wa mlimani tu, na tena asiyewauliza watani wake. Watu wa mlimani hawajui walipolala wafu wao. Kwao mfiwa huondoka kaburini bila kugeuka. Njia anabaki nayo mtani. Nasi wa bondeni hatuweki jiwe wala jina. Tunapima kwa hatua, na mama humfundisha bintiye zile hatua akiwa anamsuka, mpaka miguu inakariri yenyewe. Makaburi ya mlima mzima yamo miguuni mwetu. Mkuu alisawazisha ardhi. Miguu hakuifikia.

Mama yake alizikwa na mama yangu, na mimi nilibeba maji. Nikasimama penye kisima cha kale, ambacho sasa ni chemchemi ya kupigia picha. Nikafumba macho. Hatua mia mbili na tisini kuelekea jua linakotoka, arobaini na tatu kushoto, halafu saba ndogo, za mwanamke mjamzito, maana mama yangu alikuwa na mimba ya mdogo wangu siku ile. Nikafika katikati ya ua wa marumaru, chini ya kivuli cha mnara, nikapiga jembe chini. Nikasema, mama huyu hapa. Wewe utalala kushoto kwake, mtoto hulala kushoto.

Siwatu aling'oa vigae. Alikuwa na nguvu ambazo hata yeye hakuwa na habari nazo. Tukachimba kwa zamu, na Mkuu amekaa ukingoni kama mtu anayengoja kunyolewa, akituambia tunachimba vibaya. Nikamwambia aje achimbe mwenyewe. Akasema kwa bahati mbaya mikono yake ni moshi. Ulikuwa utani wake wa kwanza wa haki, nikampa sifa yake.

Kaburi lilipotimia nikashuka nikalala humo, kulipima, kama inavyotakiwa. Udongo ulikuwa baridi, wa kupendeza. Nikafumba macho, nami nikawa wengi. Nikawa mtumishi ndani ya mlima wa mawe, ninasikia mlango unazibwa, nakumbuka maharage. Nikawa yule wa njia panda, na kila kokoto inayoanguka juu yangu ni mtu anasema, sikujui, lakini nimekuona. Nikawa mtoto chini ya bati. Nikawa mama wa Mkuu, ubavuni mwangu kuna nafasi ambayo nimeilinda miaka yote kama unavyomwekea mtu chakula akichelewa, umekifunika kwa sahani, hukasiriki. Nikawa mimi mwenyewe, siku yangu, na mtu wa mlimani amevaa kanga yangu anachechemea kama ninavyochechemea, na watu wanacheka, nami nasema, aha, kumbe. Sikuona kitu cha kuogopa. Nawaambia hivyo kwa hakika, maana nimelala humo mara nyingi kuliko walio hai wengi.

Nikatoka, nikajipangusa. Nikamwambia kaburi linamtosha, ila tumbo alivute kidogo.

Akashuka mwenyewe. Siwatu alimtandikia mkeka, akakunja upande wa kichwani uwe laini. Baba yake akaliona hilo. Akamshika mkono, na safari hii, sijui kwa nini, mkono ulishikika.

"Kesho usikoroge, mwanangu," akamwambia. "Nimeshiba. Nilishiba zamani."

Siwatu akatupa udongo wa kwanza. Mimi nikafukia uliobaki. Kisha yule binti mwenye mvi akaenda ndani ya nyumba, na kupitia dirishani nikamwona amesimama mbele ya kalenda. Aliishika kona, akangoja. Akachana ukurasa. Akachana mwingine. Kurasa zikawa zinaanguka sakafuni, naye hakuwa akilia wala kucheka, alikuwa anafanya kazi.

Nilikuwa nasawazisha tuta kwa kiganja, kwa mkono, si kwa jembe, pale upande wa kichwani, niliposikia sauti chini.

"Mtani."

Nikamwambia aseme.

"Huku kumetulia."

Nikamwambia ndiyo sifa ya huko. Nikamalizia kulisawazisha tuta. Nikadhani amelala, nikaanza kunyanyua magoti yangu moja moja.

"Mtani," akaita tena, na sauti yake haikuwa na jukwaa ndani yake. "Umeshazijua hatua?"

Nikamwambia miguu imeshazichukua, na kwamba magoti yangu ni mabovu na mlima wao umepanda juu bila sababu yoyote ya maana.

"Najua. Nilikuwa na nia ya kuupunguza. Lakini upite tena. Hata kama ni kuja kunitukana tu, pita tena unione."